Seva ya nyumbani Unguja na Pemba: niweke mfumo endeshi gani?

Mimi ni fundi kompyuta, nipo Unguja mjini. Maswali haya nimeulizwa bandani kwangu, barazani baada ya alasiri, na kwa meseji za sauti za dakika saba zinazoingia usiku wa manane. Nimechoka kujibu moja moja. Nimeyaacha jinsi yalivyoulizwa.

Fundi, seva ya nyumbani ndiyo nini? Mimi nina kompyuta tu.

Hiyo hiyo kompyuta yako. Seva ni kazi, si umbo. Mashine ikikaa imewashwa mchana na usiku, haina skrini wala mtu wa kuikalia, na watu wa nyumbani wanachota vitu kutoka kwake, basi imeshakuwa seva. Vitu vyenyewe ni picha za harusi, filamu za kwenye TV, rekodi za kamera ya getini, au nakala za masomo ya watoto wa skuli. Yangu ni laptopu kuukuu iliyovunjika kioo, ipo juu ya kabati la vyombo, na mke wangu ameifunika kitambaa cha kudarizi ambacho kila wiki nakitoa ili ipumue.

Nipe jibu moja. Mfumo upi?

Debian, mfumo endeshi wa bure wa aina ya Linux. Kama una mashine moja, diski moja, na bando la kuhesabu, weka Debian bila desktop (yale madirisha na picha za kubonyeza), funga mfuniko, endelea na shughuli zako. Maswali yaliyobaki ni ya wale wasioridhika na jibu moja, na ya wale ambao hali yao kweli ni tofauti.

Mbona ukiulizwa habari za mfumo unaanza kuuliza habari za umeme?

Kwa sababu huku ndiko seva zinakofia. Umeme wa Unguja unapita kwenye waya wa chini ya bahari kutoka Bara, na Pemba nayo tangu 2010 imeunganishwa na Tanga kwa njia hiyo hiyo. Waliokuwepo wanakumbuka Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu Unguja nzima kiza, jenereta zinanguruma mpaka vichochoro vya Mji Mkongwe. Siku hizi si hivyo. Lakini kukatika kwa dakika mbili na kurudi kwa kishindo bado kupo, na seva haichukii kitu kama kuzimwa katikati ya kuandika.

Basi swali la kwanza kwa mfumo wowote ni hili: ukizimwa ghafla mara ishirini kwa mwaka, utaamka wenyewe bila mtu kuugusa?

Linux nyingi, Debian ikiwemo, huhifadhi mafaili kwa muundo wa ext4. Muundo huu una kitu kama daftari la muuza duka: kabla ya kupanga upya rafu, huandika kwanza anachotaka kufanya. Umeme ukikatika, mashine ikiamka inasoma daftari, inamalizia au inafuta kilichokuwa nusu, na kazi inaendelea. Faili lililokuwa likiandikwa sekunde ile unaweza kulipoteza, ila diski nzima haivurugiki. ZFS na Btrfs, miundo mingine ya kuhifadhi mafaili, zina njia yao: hazigusi kilichopo mpaka kipya kimeshaandikwa pembeni. Zote tatu zinavumilia. Kisichovumilia ni kadi ndogo ya SD, na nitaifikia.

Jambo la pili halimo kwenye mfumo kabisa, limo kwenye BIOS, ile programu ya mashine inayoamka kabla ya mfumo. Ingia humo utafute mpangilio wa nini kifanyike umeme ukirudi, uweke mashine ijiwashe. Watu wanachagua mfumo kwa wiki mbili, halafu seva inalala siku tatu kwa kuwa hakuna wa kubonyeza kitufe. Laptopu nyingi hazina mpangilio huo, lakini laptopu ina betri, na betri ndiyo UPS yako ya bure, yaani kifaa cha kushikilia umeme unapokatika.

La tatu nilijifunza kwa nauli. Nilimwekea binamu yangu seva Wete, mashine ndogo na diski ya nje ya USB. Ilikwenda vizuri mwezi mzima. Umeme ukakatika, ukarudi, seva haionekani. Nikampigia, akaniambia taa inawaka na feni inazunguka. Nikapanda boti, nikafika, nikachomeka skrini: Debian imesimama inasubiri nywila, kwa sababu diski ya USB ilichelewa kuamka na mimi sikuiambia kwamba inaweza kuanza bila hiyo diski. Dawa yake ni neno moja, *nofail*, kwenye mstari wa diski hiyo katika faili la /etc/fstab, orodha ya diski ambazo mashine huzifungua ikiwaka. Neno moja, na safari ya kwenda na kurudi Pemba. Tangu siku ile kila seva ninayoiweka naichomoa umeme ukutani mara tatu mbele ya mwenyewe, nione inarudi, ndipo napokea pesa yangu.

Ukiweza, nunua UPS yenye waya wa USB. Debian ina programu iitwayo NUT inayosoma UPS hiyo na kuzima mashine kwa adabu betri inapokaribia kwisha. TrueNAS na OpenMediaVault, mifumo mingine ya seva nitakayoifikia, nazo zinaitumia hiyo hiyo.

Windows niliyonayo haitoshi?

Kwa kugawana folda nyumbani inatosha, sitakudanganya. Tatizo ni mambo matatu. Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kompyuta nyingi za mtumba zinazoshushwa hapa bandarini ama hazina ama zina prosesa ambayo haimo katika orodha ya zinazokubaliwa. Na Windows hupenda kujizima na kujiwasha yenyewe kwa ajili ya masasisho, kisha inakaa kwenye ukurasa wa nywila huku baadhi ya programu zako zikisubiri uingie.

Ile Windows Server ya kuvunjwa kufuli uliyopewa kwenye flashi na rafiki, irudishe. Kile kiprogramu cha kuvunjia kufuli hujui kimekuja na mgeni gani, na wewe unataka kuweka humo picha za familia.

Debian au Ubuntu?

Hili ndilo swali linalopigiwa kelele barazani kama Simba na Yanga, na tofauti yenyewe ni ndogo kuliko kelele. Ubuntu imezaliwa na Debian. Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Ubuntu ilitoka 2004, chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake sisi hatuhitaji kutafsiriwa sana, *ubuntu* ya Wazulu na *utu* wetu ni ndugu wa tumbo moja. Amri ni zile zile, *apt* ya kusimikia programu ni ile ile, na ukijifunza moja umejifunza nyingine kwa asilimia kubwa.

Mimi nachagua Debian kwa sababu za kimaskini. Faili dogo la kuisimika Debian ni chini ya giga 1, na linashusha tu unachokihitaji. La Ubuntu Server linakaribia giga 3. Debian haina haraka: toleo la 13 lilitoka Agosti 2025, na kwa kawaida toleo hupata miaka mitatu ya huduma kamili na miwili ya nyongeza. Ndani ya muda huo masasisho yake mengi ni ya usalama na kuziba makosa, si ya kubadilisha sura. Seva iliyo juu ya kabati haihitaji sura.

Chagua Ubuntu kama mashine yako ni mpya na Debian haioni kadi ya mtandao, au kama unafuata mafunzo yaliyoandikwa kwa Ubuntu na hutaki kuumiza kichwa. Chukua toleo lenye herufi LTS, lile la kila miaka miwili. La 24.04 lina masasisho hadi 2029. Matoleo ya katikati yanahudumiwa miezi tisa tu, yaache.

Kuna anayeniuliza habari za CentOS, Linux nyingine, kwa sababu aliisoma chuoni. CentOS 8 ilitarajiwa kuishi hadi 2029, ikasitishwa mwisho wa 2021. Ya 7 ikafuata Juni 2024. Ukikuta mafunzo yanayoanza kwa CentOS, angalia tarehe yake kwanza.

TrueNAS, OpenMediaVault, Unraid: hizi si ndizo za seva za nyumbani khasa?

Ndizo, na zinapendeza. Unafungua ukurasa kwenye kivinjari, unabonyeza, unaona diski zako zimepangwa kama sahani. Lakini kila moja ina masharti yake, na masharti hayo yameandikwa kwa watu wenye kabati la diski nne na umeme usiolala.

TrueNAS inajengwa juu ya ZFS, na ZFS ni kitu cha heshima. Kila kipande cha data kina alama yake ya uhakiki. Picha ikianza kuoza kimya kimya kwenye diski, ZFS inaigundua, na kama una diski ya pili yenye nakala, inairekebisha yenyewe. Hakuna ext4 inayofanya hivyo. Ila TrueNAS inataka RAM isiyopungua giga 8, na inachukua diski nzima kwa ajili yake yenyewe. Data yako lazima ikae kwenye diski nyingine. Kwenye mashine ndogo ya mtumba yenye nafasi moja ya diski, hapo mazungumzo yameisha.

OpenMediaVault ni Debian iliyovalishwa kanzu. Aliyeianzisha ni Mjerumani, Volker Theile. Ni nyepesi, inatosheka na mashine kuukuu, na ikikushinda ukurasa wake, chini kuna Debian unayoijua. Nayo kwa kawaida inataka diski ya mfumo iwe mbali na ya data, lakini hiyo ya mfumo inaweza kuwa ndogo mno. Mtu asiyetaka kuandika amri hata moja, na mwenye diski mbili, namuwekea hii, si Debian kavu.

Unraid inauzwa. Uzuri wake ni kuchanganya diski za ukubwa tofauti, jambo linalotufaa sisi wa mitumba: moja ya tera 1, moja ya tera 2, nyingine ya tera 4, zote zinaingia, mradi ile ya ulinzi, inayosaidia kurudisha data diski nyingine ikifa, isiwe ndogo kuliko kubwa ya data. Kama una kadi ya kulipia mtandaoni na pesa ya leseni haikuumi, haina ubaya. Kwangu mimi pesa hiyo ingenunua diski ya pili.

Na Proxmox? Vijana wote wa YouTube wanaitumia.

Proxmox ni ya kuendesha mashine pepe nyingi, yaani kompyuta za kuigiza kwa programu, ndani ya mashine moja. Nayo ni Debian chini. Kama unasomea kazi ya mitandao na unataka kuvunja na kujenga kila siku, iweke, utajifunza mengi. Kama unataka filamu na picha tu, unajenga jengo la Michenzani ili ukae chumba kimoja.

Nina RAM giga 4. Nirudi nyumbani?

Kaa. Debian bila desktop ikiwa imetulia inakula megabaiti mia chache tu. Wakati wa kusimika utaulizwa unataka mazingira gani ya desktop: ondoa alama zote, bakisha seva ya SSH (ya kuingia na kutoa amri ukiwa kwenye kompyuta nyingine) na huduma za kawaida. Watu wanaacha desktop kwa hofu ya skrini nyeusi, halafu wanalalamika mashine nzito. Mashine ya biti 32 pekee ndiyo ningekuambia iache, kwa sababu Debian kuanzia toleo la 13 haina tena kisimikio chake.

Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kiganjani, je? Inakula umeme kidogo.

Kweli, inakula kidogo, na sisi wa Tukuza, umeme wa kulipia kabla, tunajua maana yake. Tufanye hesabu: mashine inayokula wati 15 mchana na usiku inamaliza uniti kama 131 kwa mwaka. Desktop kubwa ya zamani yenye wati 80 inafika uniti 700. Hapo hata mimi nanyamaza.

Lakini Pi ina maradhi mawili kwa mazingira yetu. La kwanza ni ile kadi ya SD. Haikutengenezwa kwa kuandikwa kila sekunde, na umeme wa kukatika unaimaliza, nimezika nyingi. Tumia SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, kwa USB. La pili, Pi 4 na za kabla yake hazina saa yenye betri. Umeme ukirudi na intaneti haijarudi, Pi inadhani bado ni jana. Saa ikikosea, tovuti zenye kufuli zinakataa kufunguka, na rekodi za kamera zinapata tarehe za uongo. Pi 5 ya mwaka 2023 ina saa, ila betri yake unainunua mbali.

Kwa bei ileile mimi huchukua laptopu ya mtumba. Ina betri, kibodi, skrini ya dharura, saa, vyote. Fungua /etc/systemd/logind.conf, mstari wa HandleLidSwitch uandike *ignore*, ili ukifunga mfuniko isilale. Ukiona betri imeanza kuvimba, itoe siku hiyo hiyo.

Bando langu ni la wiki. Masasisho si yatalimaliza?

Masasisho ya Debian ya seva isiyo na desktop ni madogo, wiki nyingi hayafiki hata megabaiti mia. Kipindi ambacho utalia ni cha kusimika na cha kuhama toleo, mara moja kila miaka miwili hivi. Shusha faili la kisimikio penye Wi-Fi ya kazini au chuoni, kwa ruhusa, uje nalo kwenye flashi. Ukipewa na mtu, hakiki kwa amri ya *sha256sum* na ulinganishe namba na iliyopo kwenye tovuti ya Debian yenyewe. Namba moja ikitofautiana, usiliweke.

Ukiwa na mashine mbili au zaidi, weka *apt-cacher-ng* kwenye seva. Kifurushi kikishashushwa mara moja kinabaki hapo, na mashine ya pili inakichukua nyumbani bila kugusa bando. Skuli moja huku shamba niliwawekea hivyo kwa kompyuta kumi na mbili, na mwalimu mkuu akadhani nimewaletea mkonga.

Kubwa kuliko yote, vitu vya kutazama viwe ndani. Ukiwa na seva, filamu inashuka mara moja na watu sita wanaitazama bure, hata intaneti ikiwa imekatika kabisa. Ruta ikiwashwa tu bila bando, nyumba nzima bado inaiona seva. Hili watu wengi hawalijui, wanadhani Wi-Fi na intaneti ni kitu kimoja.

Ndugu yangu yupo Muscat anataka kuona picha. Ataingia vipi?

Sio kwa kufungua milango ya mtandao (port) kwenye ruta. Kwanza, intaneti ya laini ya simu mara nyingi haikupi IP ya umma, yaani anwani yako mwenyewe inayoonekana mtandaoni. Mnagawana moja na wateja wengi, kwa hiyo hata ukifungua mlango, hakuna njia ya kuufikia. Pili, hata ukiwa na IP yako, folda za kugawana za Windows hazianikwi hadharani. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye mlango huo huo na kufunga mafaili ya watu dunia nzima.

Tumia WireGuard, njia ya siri ya kuunganisha vifaa kupitia intaneti, ambayo tangu 2020 imo ndani ya Linux yenyewe. Inahitaji upande mmoja wenye IP ya umma. Kama huna, Tailscale inatumia WireGuard hiyo hiyo na kukutafutia njia. Kwa matumizi ya familia kuna mpango wa bure. Unaweka kwenye seva, unaweka kwenye simu ya huyo wa Muscat, basi. Kasi itakuwa ya kupakia ya kwako, kwa hiyo picha ndiyo, filamu mwambie akija likizo.

Nyumba ipo karibu na bahari. Mfumo unasaidia?

Hauzuii chumvi. Lakini weka *smartmontools*, ikuambie diski inaanza kuchoka kabla haijafa, na *lm-sensors*, uone joto. Mashine isikae dirisha la upande wa pwani. Mara mbili kwa mwaka ifungue uipulize.

Nikiweka diski mbili zinazofanana, nimeshafanya chelezo, yaani nakala ya akiba?

Hapana. Ukifuta picha kwa bahati mbaya, zinafutika zote mbili kwa pamoja, na radi ikipiga inapiga zote. Chelezo ni diski iliyochomolewa, na bora ikae nyumba nyingine. Yangu ipo kwa shemeji, Bububu.

Nikichagua vibaya nitaweza kuhama?

Utaweza, mradi data haikai diski moja na mfumo. Unafuta mfumo, unaweka mwingine, unachomeka diski ya data. Diski hiyo iwe ext4. Ukiiacha NTFS, muundo wa Windows, Linux itaisoma na kuiandika, ila siku ikivurugika utahitaji Windows kuitengeneza, na kwenye seva hiyo Windows haipo. Anayechagua ZFS ajue kwamba diski yake haitafunguka kwenye kompyuta ya jirani mpaka nayo iwekewe ZFS.

Bi mkubwa hataki kusikia habari za Linux. Atatumiaje?

Wala asisikie. Weka Jellyfin, programu ya kurusha filamu kwenye vifaa vya nyumbani, kwenye seva, na kwenye TV weka programu yake. Mama yangu anajua kuna kitu kinaitwa "ya kabatini". Akitaka mawaidha au tamthilia yake anabonyeza rimoti, anachagua picha, inacheza. Mara moja tu aliniita, TV haioni kitu. Nikakimbia nikidhani diski imekufa. Kumbe alikuwa amechomoa waya ili achaji simu; laptopu ilikuwa bado inakwenda kwa betri, kilichozimika ni ruta, iliyokuwa kwenye soketi hiyo hiyo. Sasa ruta nayo ipo kwenye UPS.